Mchanga wa Gisenyi Huanzia Mlimani

Msafiri atokaye Kigali kuelekea magharibi huikuta Rwanda imekoma Gisenyi, mji ulio katika Wilaya ya Rubavu. Mbele yake hutandaa Ziwa Kivu, lililo kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari; mkono wa kulia ni mpaka wa Kongo na mji wa Goma. Kando ya maji upo ufuo wa mchanga, mahali pa kumpumzisha askari na jamaa yake baada ya juma la kazi.

Ufuo ni mali ya wote, lakini mali isiyotulia. Kivu haina kujaa na kupwa kama bahari. Hata hivyo upepo huinua mawimbi, na kingo zake nyingi huteremka ghafla hadi kilindini. Chembe iliyokwisha kuzama huko hairudi.

Penye upungufu, miji mingi duniani humwaga mchanga mpya. Dawa hiyo ina masharti: chembe zisiwe ndogo kuliko zile za asili, ijulikane zimechotwa wapi, na iwekwe akiba ya kurudia kazi, maana mawimbi hayapumziki. Sharti kubwa kuliko yote ni mpango wa ardhi iliyo nyuma ya ufuo.

Tujifunze kwa jirani. Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, mchanga ulichimbwa katika vijito kwa ajili ya ujenzi, nao ndio uliokuwa chakula cha ufuo. Bahari ikala pwani, na Hoteli ya Africana ikaishia kuwa gofu. Aliyechota mtoni alikuwa anachota pwani, asijue.

Rubavu ina hatari ya upande wa pili pia. Mto Sebeya, uingiao ziwani kusini ya mji, hushuka na udongo wa mashamba ya milimani. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa iliufurisha, nyumba zikabomoka, na katika Rwanda nzima watu zaidi ya 130 walipoteza maisha. Kilima kisichokingwa hakileti mchanga safi. Huleta tope na msiba.

Sheria ya mazingira ya mwaka 2005 ilikataza kulima na kulisha mifugo ndani ya mita 50 kutoka ukingo wa ziwa na mita 10 kutoka mtoni. Kipande hicho si ardhi iliyopotea. Ndicho ngao ya nyumba, na ndiyo nafasi ya ufuo kusogea pasipo kugonga ukuta wa mtu.

Basi, kabla ya lori la kwanza la mchanga kuletwa ufuoni, yaulizwe haya: mlimani pana matuta na miti? Mtoni nani anachimba? Ukingoni nani anajenga? Majibu yakiwa mabaya, mchanga huo utakuwa maji ya kutiwa katika pakacha.