Safari ya Kutazama Maji

Wahenga walinena kwamba mwenda bure si mkaa bure. Bwana mmoja wa Nakuru na mkewe waliweka akiba miaka minne, ili wawachukue watoto wao wawili wakaione Uholanzi katika likizo ya Aprili, mwaka 2019. Jamaa walinung'unika. Kaka yake mkubwa alimwuliza waziwazi, "Wewe ndugu yangu, utavuka bahari ukatazame maji na maua, na Naivasha yapo yote mawili?" Yule bwana hakuwa na jibu. Alisafiri na neno hilo moyoni kama mwiba.

Ajabu ya kwanza waliikuta pale pale walipotua. Kiwanja cha ndege cha Schiphol kiko chini ya usawa wa bahari kwa zaidi ya meta 3, kwa sababu zamani mahali pale palikuwa ziwa, jina lake Haarlemmermeer. Ziwa hilo lilikuwa likila kingo zake na kumeza vijiji, hata wenyeji wakaliita mbwa-mwitu wa maji. Katika dhoruba za mwaka 1836 maji yake yalifika hata milango ya Amsterdam na Leiden. Ndipo ilipoamuliwa likaushwe. Ulichimbwa mfereji wa kulizunguka, likajengwa boma la udongo, na mashine tatu kubwa za mvuke zikavuta maji tangu mwaka 1849 hata 1852. Sasa ni mashamba, nyumba na barabara.

"Na mashine zikisimama, Baba?" aliuliza kijana.

"Maji yatarudi," akajibu baba yake. Usiku ule kijana hakupata usingizi upesi.

Huko Amsterdam walipanda mashua, wakapita katika mifereji iliyochimbwa karne ya 17, ambayo UNESCO iliitia katika urithi wa dunia mwaka 2010. Nyumba ndefu nyembamba zimesimama juu ya nguzo za miti zilizopigwa chini katika udongo laini. Kesho yake walikwenda kwenye maziwa ya Kagerplassen, karibu na Leiden, wakaona vinu vya upepo kando ya maji. Hapo walielezwa jambo lililomshika sana mama wa watoto: kila wilaya ina baraza la maji, wajumbe wake huchaguliwa kwa kura, na wakaaji hulilipa kodi yake. Baraza la Rijnland lilianza karne ya 13, nalo ni kongwe kuliko ufalme wenyewe.

Bustani ya Keukenhof, ambayo maana ya jina lake ni bustani ya jikoni, ina hektari 32. Kila mwaka, kabla ya baridi kuu, watunzaji hupanda kwa mikono vitunguu vya maua kiasi cha milioni 7. Maua hayo hutazamwa kwa majuma manane tu, kisha bustani hufungwa na kazi huanza upya. Binti yao alikimbia kutoka tuta jekundu hadi la manjano, mpaka akapoteza kiatu kimoja.

Lakini siku iliyobaki katika nyoyo zao ni ile ya mnada wa Aalsmeer. Kabla ya kuolewa, yule mama alikata mawaridi miaka sita katika shamba moja huko Naivasha, na vidole vyake vina makovu ya miiba hata leo. Walisimama juu kwenye daraja la wageni, wakaona chini magari madogo yakivuta maua yasiyo na hesabu. Bei huanza juu ikashuka, na wa kwanza kubonyeza kitufe ndiye mnunuzi. Wakaambiwa kwamba mengi ya mawaridi yale yametoka Kenya.

Mama alinyamaza. Kijana akamshika mkono. "Mama, ni yale yako?"

"Si yangu, mwanangu," akasema. "Lakini yamekunywa maji ya ziwa letu."

Mwaka uliofuata, 2020, Ziwa Naivasha lilifura kwa mvua nyingi, likaingia katika nyumba za watu. Wengi walikuwa wamejenga kwenye ardhi ambayo ziwa liliiacha katika miaka ya ukame, kama ule wa 2009. Nyanya yao watoto alitolewa nyumbani kwake kwa mashua, na aliyempokea ukingoni ni yule yule kaka mkubwa. Jioni, akikausha suruali yake karibu na jiko, alimwuliza ndugu yake kwa sauti ya chini, "Wale watu mliowaona, wao hufanyaje?"

Yule bwana akamgeukia mkewe. "Mweleze, Mama Watoto."

"Shemeji," akasema yule mama, "wale huketi pamoja na kulipa kodi ya maji wakati wa kiangazi, maji yangali mbali. Sisi hukutana siku tunayobeba vitanda."

Kaka mkubwa hakubisha. Tangu siku ile hakuuliza tena gharama za safari.