Karati Mbili

Ndugu msomaji, kazi ninayoitaka ni kuandika riwaya. Kazi ninayoifanya ni kufundisha tuisheni ya Hisabati hapa Katoro, mkoani Geita. Ya kwanza imo ndani ya kaunta buku mbili zilizojaa mwandiko mpaka pembeni. Ya pili ndiyo inayolipa chumba, unga, na hizo kaunta buku zenyewe. Wanaonifahamu hucheka: eti mtu wa hadithi na mtu wa namba wanakaaje katika kichwa kimoja? Mimi naona wanakaa vizuri tu, tena wanaazimana chumvi. Hilo ndilo ninalotaka kuwaeleza vijana wenzangu wenye kalamu.

Nianze na neno moja: karati. Mimi ni mzaliwa wa Shinyanga. Kwetu neno hilo ni la Mwadui, penye mgodi wa almasi iliyogunduliwa mwaka 1940 na Mkanada John Williamson. Kule karati ni uzito. Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu, yaani gramu 0.2. Mwaka 1947 ilipatikana Mwadui almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, ikawa zawadi ya harusi ya Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza. Hebu zidisha mwenyewe. Ni gramu 10.9! Jiwe lililotangazwa dunia nzima halifiki gramu kumi na moja.

Nilipohamia Geita, neno lilelile likabadilika tabia. Kwenye dhahabu, karati si uzito, ni usafi. Dhahabu tupu ni karati 24. Ya karati 18 ina sehemu 18 za dhahabu kati ya 24, yaani 75%, na zilizobaki ni madini mengine. Aunsi nayo ina ujanja wake. Aunsi ya kupimia vitu vya kawaida ni gramu 28.35, lakini aunsi ya dhahabu ni gramu 31.1. Bei ya dunia hutajwa kwa dola na kwa aunsi. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Rwamgasa anauza kwa shilingi na kwa gramu. Katikati hapo pamesimama maneno, na asiyeyajua atapunjwa hata kama anajua kugawanya.

Kumbe basi, wengi tunaowaita wabovu wa hesabu hawashindwi na namba. Wanashindwa na maneno yaliyozifunika.

Nitoe mfano. Nina mwanafunzi wa Kidato cha Nne ambaye siku za Jumamosi humsaidia mjomba wake kwenye duara. Siku moja nilimuuliza: mkitoa mifuko hamsini ya mawe, na makubaliano ni mwenye leseni asilimia 30, mwenye duara 40, wachimbaji 30, nani anaondoka na nini? Hakugusa kalamu.

"Kumi na tano, ishirini, kumi na tano. Na sisi tukiwa watano, kila mtu mitatu. Ticha, hapo mbona rahisi?"

Nikampa karatasi ya mtihani wa miaka ya nyuma. Lilikuwapo swali la kugawa fedha kwa watu watatu kwa uwiano. Namba zake zilikuwa nyepesi kuliko mifuko yetu. Kijana alilitazama, akalirudia, kisha akafunika karatasi. Kilichomsimamisha ni neno moja la Kiingereza mwishoni mwa sentensi: "respectively". Alidhani ni kanuni ambayo hajafundishwa. Nilipomwambia kwamba maana yake ni "kwa kufuata mpangilio huohuo," alimaliza swali kabla sijakaa.

Si yeye peke yake. Matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2023 yalionyesha kwamba waliofaulu Hisabati nchini walikuwa takribani robo ya watahiniwa. Fikiria darasa la watu arobaini, thelathini wanatoka mikono mitupu. Je, kweli nchi nzima ina vichwa vibovu robo tatu? Mimi sikubali. Mtoto katika shule ya msingi ya serikali anafundishwa Hisabati kwa Kiswahili miaka yote. Anajua namba tasa, namba witiri, KDS, kipeuo cha pili. Anaimba MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Akivuka mlango wa sekondari, kila kitu kinabadilishwa jina. MAGAZIJUTO inakuwa BODMAS, naye anadhani ni sheria mpya, kumbe ni ileile imevaa suti. Sera ya Elimu ya mwaka 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, iliandika kwamba Kiswahili kitumike kufundishia katika ngazi zote. Sekondari za serikali zimeendelea na Kiingereza.

Mwalimu mmoja wa shule alinifuata kunionya. "Dogo, unawadekeza. Mtihani hautakuja kwa Kiswahili." Kwa kweli hoja yake ni nzito na sikuipuuza. Kila mwanafunzi wangu ana daftari lenye safu mbili. Kushoto swali lilivyo kwenye mtihani, kulia swali hilohilo kama hadithi: nani yupo, ana nini, anataka nini, anamdai nani, kipi kimefichwa. Wakishaandika hadithi ndipo wanaruhusiwa kukokotoa. Mwanzoni walinung'unika kwamba hili ni somo la insha. Siku hizi wananigombeza nikisahau.

Mwandishi mwenzangu, tazama hayo maswali matano. Si ndiyo tunayojiuliza usiku tukiwa na mhusika asiyetaka kusogea? Swali la hesabu ni hadithi fupi iliyokondeshwa mpaka ikabaki mifupa. Juma anapanda basi, Asha ananunua maembe, bomba mbili zinajaza tangi. Hatuambiwi Juma anakimbia nini. Lakini hakuna neno la mapambo, na neno moja likikaa vibaya hadithi nzima inaharibika. Nimejifunza kufuta maneno kwenye riwaya yangu kwa kusahihisha hesabu za watoto.

Habari za darasa zilipoenea, wakaja wanafunzi ambao sikuwategemea. Ni akina mama saba wanaoponda mawe na kuosha mchanga wa marudio. Walifika jioni mikono ikiwa bado na vumbi jeupe. Mkubwa wao, ambaye wote tunamwita Mayu, akasema, "Mwanangu, sisi hatuna mtihani. Tufundishe asilimia tu."

Nikauliza kwa nini asilimia. Wakaeleza. Mnunuzi mmoja aliwakata 17%. Aliwaambia kumi ni ya uchafu uliomo kwenye dhahabu yao, saba ni ya serikali. Hiyo saba ina asili: mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017 yaliweka mrabaha wa 6% kwa dhahabu na ada ya ukaguzi ya 1%. Na kumi jumlisha saba ni kumi na saba, hata mtoto anajua. Kosa liko wapi?

Tulikaa chini tukalifanya kwa namba za kubuni. Tuseme dhahabu ni gramu 3.2 na gramu moja ni shilingi 200,000. Jumla ni 640,000. Ukiondoa 10% ya uchafu, dhahabu halisi ina thamani ya 576,000. Sasa, serikali inadai sehemu yake kwenye kipi? Kwenye dhahabu. Uchafu haulipiwi mrabaha. Kwa hiyo 7% inatoka kwenye 576,000, nayo ni 40,320. Wanabaki na 535,680. Ukikata 17% kwa mkupuo kwenye 640,000, wanabaki na 531,200. Tofauti ni shilingi 4,480.

Palikuwa kimya. Kisha mama mmoja akasema taratibu, "Kila wiki?"

Mwingine akaanza kuhesabu kwa vidole amewauzia dhahabu mara ngapi tangu mwaka uanze. Sikuhitaji kusema neno. Waswahili walishasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wiki iliyofuata walinunua daftari moja la pamoja, wakamchagua binti aliyemaliza darasa la saba awe mwandishi wao. Na wakaamua kupanda gari kupeleka dhahabu yao wenyewe mjini, kwenye soko la madini lililofunguliwa Geita Machi 2019. Nauli nayo waliiingiza kwenye hesabu kwanza, wakaona inalipa pale tu wanapokusanya mzigo wa wiki kadhaa. Hilo sikuwafundisha mimi.

Narudi kwa kijana wangu wa Kidato cha Nne, kwa sababu jambo lake halijaisha. Mjomba wake alikuja kuniona, amesimama mlangoni na buti zake za mpira. Alinisalimia kwa heshima, kisha akasema wazi kwamba kwenye duara amepungukiwa mtu, na kijana ana nguvu. "Hizo hesabu zako, mwalimu, zitamlisha lini?"

Siku hiyo kazi ya darasa ilikuwa kila mtu atunge swali lake mwenyewe. Kijana alimpa mjomba daftari asome. Ameandika: kijana anapata mifuko mitatu ya mawe kila mgao. Anataka kuwajengea wadogo zake chumba cha matofali. Bei ya bati na saruji ameiandika, tena amekwenda dukani kuiulizia. Je, atashinda duarani miezi mingapi? Chini yake, mahali pa jibu, ameandika: "Swali hili halina taarifa za kutosha. Hatujui mfuko mmoja wa mawe una gramu ngapi."

Mjomba alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Yeye yuko duarani miaka kumi na sita. Amewahi kupata mfuko uliomnunulia pikipiki, na amewahi kusaga mifuko arobaini isiyolipa hata gharama ya karasha.

"Hata sisi hatujui," akasema, akamrudishia daftari. "Mtihani lini?"

"Novemba, mjomba."

"Basi nakupa mpaka Novemba."

Ndugu msomaji, tumebakiwa na wiki kumi na moja, na mada tisa hatujazigusa.