Fundi wa Mtaa wa Aggrey

Jumamosi iliyopita nilimchukua mpwa wangu hadi Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, nikijua kabisa ninampeleka kwa nani. Tukakuta mabati. Ile nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, yenye baraza na mlango wa mbao uliokwama kila masika, imebomolewa hadi msingi. Nyuma ya mabati, katapila limeshachimba shimo la ghorofa. Muuza kahawa wa pale kona, anayenikumbuka kwa sura, akaniambia Fundi alirudi kwao Korogwe tangu mwaka juzi. Macho yake yamechoka.

Mpwa wangu alikuwa amesimama kando yangu, begi mgongoni, na ndani ya begi kadi ya grafiki. "Mjomba, si tutafute duka lingine? Fundi ni fundi tu."

Sikumjibu pale pale. Nimekaa na maneno yale wiki nzima.

Kompyuta anayotumia nilimpa mimi, mashine ya ofisini iliyokuja nchini ikiwa mtumba. Alijinyima miezi kadhaa akanunua GeForce RTX 3060 iliyokwisha kutumika, ili gemu zake za mpira na za magari zipate picha nzuri. Aliyemuuzia hakumuuliza swali hata moja. Alimpa kadi na waya wa kuungia umeme, akapokea hela. Sasa kompyuta inawaka vizuri, Windows inafunguka, lakini gemu ikianza tu, kabla mpira haujavuka nusu ya uwanja, mashine inazimika kama iliyochomolewa ukutani.

Fundi asingempokea hela kabla ya kumuuliza: "Pawasaplai yako ya wati ngapi?" Ukisema hujui, anakurudisha nyumbani ukasome lebo. Nilirudishwa mimi, Kariakoo hadi Magomeni kwa miguu, kisha nikarejea na namba niliyoiandika kiganjani.

Chumba chake kilikuwa cha mbele, upande wa barabarani. Ukiingia unapokewa na harufu ya risasi ya kulehemu, vumbi la feni lililopata moto, na kahawa chungu. Harufu hiyo sijaipata popote tena. Skrubu zake alizipanga kwa ukubwa katika makopo ya maziwa ya unga. Alikuwa na brashi ya kupakia rangi, ya kufagilia vumbi tu, na kifutio cha penseli. Kadi yoyote iliyopita mikononi mwake, hata mpya kutoka kwenye boksi, aliisugua kwa kifutio yale meno ya dhahabu yanayoingia kwenye madabodi, polepole, upande mmoja kisha wa pili, halafu akaipuliza.

Nilikwenda kwake mara ya kwanza kwa sababu ya Prince of Persia: The Sands of Time. Siku zote nimekuwa nikisema ilikuwa 2003. Lakini kadi niliyoondoka nayo ilikuwa Radeon 9550, na hiyo ilitoka 2004, kwa hiyo kumbukumbu yangu imekosea mwaka mmoja au miwili. Tuuache mwaka. Ninachokumbuka vizuri ni kwamba nilitaka GeForce4 MX. Ilikuwepo kabatini, ilikuwa rahisi, na nne ni kubwa kuliko tatu. Fundi akakataa kuniuzia.

"Mwanangu, hii wameipa jina la mkubwa, damu ni ya mdogo," akaniambia. Akanieleza kwamba ndani yake ni ukoo wa GeForce2, na kwamba GeForce3, ya mwaka mmoja nyuma, ina sheda zinazoweza kupangiwa kazi na programu, ambazo hii haina. Gemu niliyoitaka ilizihitaji sheda hizo. Angeweza kuniuzia, nikafika nyumbani, gemu ikakataa, na mimi nikadhani kosa ni langu.

Kisha akanionyesha mapengo. Kadi za AGP zilikuwa na pengo kwenye meno: za zamani za volti 3.3 pengo lao liko karibu na bati la nyuma, za volti 1.5 liko upande wa mbali. Akanishikisha kidole pale pengoni ili nisisahau. Zilikuwepo kadi za ovyo zilizokatwa vibaya, alisema, na alishaona madabodi iliyoungua kwa kulazimishwa. Nilikaa saa nzima kwenye stuli yake, na wateja wengine wakasubiri, wala hakuna aliyelalamika. Walijua zamu yao ikifika nao watasikilizwa hivyo hivyo.

Siku hizi unaingia duka la vioo na taa za rangi, kijana nyuma ya meza hainui macho kwenye simu. Ukimwomba aijaribu kadi mbele yako, anakuonyesha maandishi ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Inaniuma, kwa sababu wanaoumizwa ni watoto waliochanga senti kwa senti.

Miaka iliyofuata ilikwenda mbio. PCI Express ikaizika AGP, na Radeon yangu ikakosa pa kuchomekwa. Ukaja mgao wa umeme, tukacheza kwa saa za TANESCO. Mwaka 2014 ikatoka GTX 750 Ti, kadi iliyotosheka na wati 60 wakati tundu la madabodi peke yake linaweza kutoa 75. Haikuhitaji waya wa ziada, na mashine za ofisini zikapata uhai mpya. Fundi aliipenda kadi ile kuliko zote. Kisha wachimbaji wa sarafu za kidijitali wakazimaliza kadi sokoni, na Ethereum ilipoachana na uchimbaji Septemba 2022, zikamwagika zilizochoka. Mwaka huo huo ikatoka RTX 4090, kadi inayokula wati 450.

Tuliporudi nyumbani nilitoa kabatini ile 750 Ti yangu, nikatafuta kifutio kwenye mkoba wa shule wa binti yangu. Mpwa wangu alifungua ubavu wa kompyuta kwa bisibisi, akaitoa begini kadi yake ya wati 170 na kuiweka juu ya gazeti. Nilimwomba awashe tochi ya simu, ainame, anisomee lebo ya pawasaplai.

Alikaa kimya kidogo, akifuta vumbi kwa kidole gumba.

"Mia mbili arobaini," akasema. "Mashine nzima, Mjomba?"

"Nzima."

Akanyoosha mkono, akaniomba kifutio.