Dada wa Bibi

Nyumbani kwetu Pemba tulikua tukisikia habari za dada mkubwa wa bibi. Mwaka 1957, wanaume walipopiga kura Zanzibar kwa mara ya kwanza na wanawake wakaachwa, yeye hakukubali. Bibi alituambia kwamba jioni, baada ya kuchambua karafuu, alipita nyumba kwa nyumba akiwahimiza wenzake waidai haki hiyo. Januari 1961 wanawake walipopiga kura, naye alikuwa kwenye foleni, amevaa kanga mpya.

Mwaka jana kina mama wa kanisa letu walituomba tumsimulie siku ya ibada yao. Tulikubali kwa furaha, tukaanza kutafuta maandishi.

Tulianza na historia ya kanisa. Wamisionari wa Marafiki walifika Pemba mwaka 1897, mwaka ule ule Sultani alipotoa amri ya kuondoa utumwa. Huko Banani, karibu na Chake Chake, waliotoka utumwani walipata kazi, shule na mahali pa kuabudu. Lakini amri ile haikuwahusu masuria. Wao walingoja hadi 1909. Tuliposoma hayo tulinyamaza. Mara mbili, basi, mlango ulifunguliwa kisiwani kwetu na wanawake wakaambiwa wangoje nje.

Katika daftari la zamani tulikuta wanawake wawili wenye jina lile. Mmoja aliandikwa kama mke wa mtu tusiyemjua, wa pili kama yatima. Hakuna aliyeandikwa kuwa mtoto wa wazazi wa bibi. Tukavuka kwa boti hadi Unguja, kwenye Nyaraka za Taifa, Kilimani. Kwa siku mbili tulifungua majalada, jina lake hatukuliona.

Hapo ndipo lilipokuja jaribu. Tungesema tu kwamba ni damu yetu, nani angeuliza? Lakini sisi Marafiki hatuapi, kwa sababu kila neno letu linapaswa kuwa la kweli. Tukarudi kwa bibi.

"Bibi, yule alikuwa dada yako wa tumbo moja?"

Alitutazama kwa muda. "Mama alimpokea hana mtu. Tulilala mkeka mmoja, tukala sahani moja. Tumbo mnalitakia nini, wajukuu zangu?"

Tuliona haya. Tulikuwa tumetafuta damu katika kanisa lililoanzishwa na watu walionyang'anywa jamaa zao, wakafanywa ndugu upya kwa neema ya Mungu.

Siku ya ibada tulieleza yote: tulichosikia, tulichokikuta na tulichokikosa. Tukasoma Hesabu sura ya 27, habari za binti za Selofehadi, waliosimama mbele ya Musa kudai urithi. Wote watano wametajwa kwa majina. Baada ya ibada wazee wa kike walitujia mmoja mmoja, kila mmoja na jina la mwanamke aliyemkumbuka. Tukayaandika kwenye daftari jipya.

Wapendwa, kama kwenu kuna jina la namna hiyo, liandikeni wangali hai wanaolikumbuka. Bwana anawajua wote, lakini watoto wetu hawatawajua tusipowaambia.

Bibi aliomba la dada yake liwe la kwanza. Tukaliandika, na mbele yake tukaandika neno moja: dada.