Fyuzi Hukaa Karibu na Betri

Wanaofuatilia maandishi yangu wamezoea kunikuta nikibishana kuhusu Katiba, bajeti na uchaguzi. Leo naomba radhi. Nitaandika kuhusu utepe wa taa wenye urefu wa mita tatu, pikapu kuukuu, na mama yangu mzazi. Siasa nitairudia kabla ya kuweka kalamu chini, maana imeniandama hadi chini ya boneti.

Pikapu yangu ni Hilux ya zamani, ya injini ya dizeli. Kiti chake kiko juu, na mtu mfupi hulazimika kushuka kinyumenyume, kama ashukaye kutoka darini. Mama yangu ni mfupi, amepita miaka 70, na wakati huo macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Usiku mmoja wa masika nilimleta Morogoro kutoka Mgeta kwa ajili ya kliniki. Nilipofika nyumbani nilizima injini na taa, nikashuka upande wangu, nikaenda kufungua mlango wa nyumba. Nilidhani atanisubiri. Naye, kwa kuwa hajawahi kuzoea kushushwa, alifungua mlango na kunyoosha mguu kuitafuta ardhi. Ardhi ilikuwa mbali kuliko alivyodhani. Mkono wake wa kulia ulivunjika kwenye kiwiko cha kiganja, ukafungwa plasta kwa wiki sita.

Siku chache baadaye, akiwa amekaa barazani, aliniambia bila hasira: "Mwanangu, gari lako lina macho mbele na nyuma. Ubavuni ni kipofu."

Kauli hiyo ilinikosesha usingizi kuliko lawama. Gari lilikuwa na taa za kunionyesha njia mimi, na taa za kuwatahadharisha walio nyuma yangu. Taa ndogo ya darini ilikuwa imeungua miaka mingi, nami sikuona sababu ya kuibadilisha. Na hata ingewaka, ingeangaza vichwa vyetu, si mahali pa kukanyaga. Magari mengi ya kisasa huwa na taa za chini ya mlango na za miguuni, zinazowaka mlango unapofunguliwa. Kwa kukosa jina zuri nimeziita taa za staha, kwa sababu dereva hazimsaidii kuendesha. Zipo kwa ajili ya mgeni.

Nikaenda dukani. Kijana wa duka alinitolea kwanza utepe wa buluu, akiamini kwamba hakuna mwenye pikapu asiyependa buluu. Nilicheka, kwa sababu rangi hiyo ina historia ndefu. Diodi inayotoa mwanga mwekundu unaoonekana ilikwishatengenezwa na Nick Holonyak mwaka 1962, lakini diodi ya buluu yenye nguvu ya kutosha ilipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ndiyo iliyowapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Sababu ya heshima hiyo ni kwamba bila buluu hapakuwa na nyeupe: taa nyingi nyeupe za LED ni diodi ya buluu iliyofunikwa kwa kemikali inayogeuza sehemu ya mwanga huo kuwa njano, na macho yetu yakichanganya rangi hizo mbili huona weupe. Nikachukua utepe mweupe unaoelekea njano, rangi ya kibatari.

Kazi niliifanya mwenyewe, Jumamosi, kwa majivuno ya msomi aliyesoma maelekezo. Utepe wa volti 12 hukatwa kila baada ya diodi tatu, palipochorwa alama. Nilikata vipande vinne: viwili vya miguuni ndani, viwili chini ya milango. Kwa kuwa utepe ule hutumia karibu wati 5 kwa mita, jumla ilikuwa wati 15 hivi, chini ya theluthi ya taa moja ya mbele ya wati 55. Nilivuta waya wa chanya kutoka kwenye betri, nikaupitisha kwenye tundu la bati kati ya injini na miguu ya abiria, nikauleta hadi kwenye utepe. Hasi niliipitisha kwenye swichi ya mlango, ambayo katika gari langu hukamilisha mzunguko kwa kuunganisha na bodi. Fyuzi niliiweka pale pale kwenye taa, kwa hoja iliyoonekana safi kabisa: kinachohitaji kulindwa ni taa. Nilifungua mlango, pakawaka. Niliwaita watoto waje kuona.

Wiki ya tatu nilikuwa nikimrudisha mama Mgeta. Njia ile ina makorongo, na gari lilikuwa likitikisika kwa zaidi ya saa moja. Ghafla nikasikia harufu ya plastiki, kisha moshi ukatoka chini ya dashibodi, kwenye magoti ya mama. Nilisimama, nikafungua boneti, nikaanza kuhangaika na kichwa cha betri kwa spana namba 10, mikono ikitetemeka. Wapita njia wawili walimbeba mama wakamshusha gizani. Mkono wake ulikuwa bado kwenye plasta. Taa za staha hazikuwaka.

Fundi umeme aliyenitengenezea ana elimu ya darasa la saba na miaka mingi ya kulala chini ya magari. "Shikamoo, dokta," alinisalimu, kisha akanionyesha. Ukingo wa tundu la bati ulikuwa umekwangua ngozi ya waya hadi shaba ikagusa bodi. Hiyo ni shoti, na betri ya gari ikipigwa shoti inaweza kusukuma mamia ya ampea. Fyuzi yangu ilikuwa nzima kabisa, kwa sababu umeme ule haukuifikia. "Dokta, hapa ulilinda taa. Fyuzi inalinda waya, na inakaa karibu na betri. Nguvu inapoanzia, hapo hapo uibane." Akavisha tundu raba, akapitisha waya mpya, akaweka fyuzi ya ampea 3 umbali wa shubiri moja kutoka kwenye betri. Alitumia dakika 40. Mimi nilikuwa nimetumia siku nzima na shahada tatu.

Hapa ndipo siasa iliponikuta. Tumezoea kuona fyuzi zikiwekwa upande wa taa. Mtendaji wa kijiji aliyepoteza stakabadhi hubanwa papo hapo, ilhali waya mrefu unaotoka kwenye Hazina hadi kwake hupita kwenye makorongo bila kinga. Kila inapofika Aprili tunasoma taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali na kushtushwa na moshi. Lakini tazama jina la cheo hicho. Ukaguzi huja baada ya fedha kutumika. Udhibiti huja kabla. Ibara ya 143 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inampa kwanza jukumu la kuhakikisha kwamba fedha zinazokusudiwa kutolewa katika Mfuko Mkuu wa Hazina zimeidhinishwa kutumika. Hiyo ndiyo fyuzi ya karibu na betri. Tunabishana sana kuhusu neno la pili na kulisahau la kwanza.

Sisemi kwamba dola ni pikapu. Nasema kwamba nilifundisha mgawanyo wa madaraka kwa miaka mingi, na nilipopewa waya mkononi nikaweka kinga mahali pasipoilinda nafsi ya abiria.

Mama alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia mwezi uliopita. Tuliporudi kutoka hospitali giza lilikuwa limeingia. Safari hii nilimsubiri, nikazunguka hadi upande wake. Alifungua mlango, mwanga ukashuka juu ya kokoto na kandambili zake. Hakushuka mara moja. Aliinama akachungulia chini ya mlango kwa jicho lake jipya.

"Huu utepe umeubandika kombo," akasema, kisha akakanyaga chini.