Karema: Nyumba Iliyoandika Siku Zake

Ukitaja Katavi, wengi wanawaza viboko na nyati wa hifadhini. Sawa kabisa. Lakini kama wewe na mwenzi wako mna siku mbili za ziada, tokeni Mpanda mwelekee magharibi zaidi ya kilomita 100, mpaka Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Mtakula migebuka mizuri, halafu mtembelee misheni ambayo watu wake walikuwa na tabia moja adimu: kuandika maisha ya nyumbani siku hadi siku.

Mwanzo ilikuwa ngome. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alifungua hapo kituo cha chama kilichoanzishwa na Mfalme Leopold II. Desemba mwaka huohuo kikapata mgeni wa ajabu: tembo wa kufugwa kutoka India! Wanne walikuwa wameshushwa pwani karibu na Dar es Salaam ili wajaribiwe kubeba mizigo. Karema alifika mmoja tu. Hebu fikiria mgeni huyo amebisha hodi kwako, na chakula cha jioni bado!

Luteni Jérôme Becker, aliyeishi hapo mwanzoni mwa miaka ya 1880, alikusanya habari za maisha hayo katika juzuu mbili, La vie en Afrique, zilizotoka mwaka 1887. Ngome yenyewe ilikabidhiwa Mapadri Weupe mwaka 1885, na hapo ndipo kuandika kulipokuwa sheria ya nyumba. Mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, aliagiza kila kituo kiwe na daftari la kila siku. Nani kafika, nani anaumwa, mvua imenyesha au imegoma, msafara umeleta nini. Mambo madogo madogo tu, lakini leo mwanahistoria anayatafuta kama dhahabu.

Sasa, msomaji wangu, jiulize: daftari la mapadri lingeweza kuona yote? Kalamu ilikuwa mkononi mwa wanaume wasio na wake, wageni wa lugha na wa nchi. Aliyechota maji, aliyetwanga, aliyekesha na mtoto mwenye homa, huyo kalamu ilimfikia kwa nadra, tena kwa mbali.

Ndiyo maana nyumba ya Adrian Atiman inagusa moyo. Alizaliwa jirani na Timbuktu, akatekwa utotoni na kuuzwa utumwani, akakombolewa na Mapadri Weupe kule Algeria, kisha akasomea udaktari Malta. Alifika Karema mwaka 1889 na hakuondoka tena. Alitibu watu na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956, miaka 67 baadaye. Alimwoa Agnes Wansahira, binti wa ukoo wa kitemi, na mtoto wao Joseph akawa padri.

Atiman alisimulia maisha yake mwenyewe, na yakachapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records miaka ya 1940. Mtu aliyewahi kuuzwa kama bidhaa akapata kusema "mimi" kwenye karatasi. Si jambo dogo, bwana! Ila Agnes hatujaachiwa simulizi kama hiyo. Mgeni wa mbali tunamjua kwa maneno yake. Mwenyeji aliyempa makazi na familia tunamjua kupitia kwa wengine.

Kwa hiyo mkiwa Karema, msipige picha tu na kuondoka. Kaeni na wazee, waulizeni bibi zao walipika nini, waliteka maji wapi, nani aliwazalisha. Na mkirudi nyumbani, nunueni daftari. Andikeni bei ya sukari, siku mtoto alipoota jino, ugomvi wa kodi ya nyumba na jinsi mlivyopatana. Ila kalamu isiwe ya mmoja. Leo andika wewe, kesho aandike yeye.