Siku majina ya wakulima yalipokwama kwenye laptopu yangu

Leo tunaweka kando ubwiri unga. Baadhi yenu mmenunua kompyuta za mitumba kwa ajili ya duka au AMCOS, na nyingine zina Linux. Niwasimulie yaliyonikuta Mei 2021.

Laptopu yangu ilikuwa na Ubuntu 20.04. Wi-Fi ya ndani ilishakufa, nikawa natumia kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye USB. Draiva yake haikuwemo ndani ya Linux, hivyo niliichukua pembeni na kuikompaili mwenyewe.

Jioni ya Jumanne nikakubali masasisho yote bila kusoma. Kerneli, yaani kiini cha mfumo, ikatoka 5.4 kwenda 5.8. Asubuhi Wi-Fi haipo. Nikakompaili draiva upya, makosa yakajaa skrini nzima. Ndani ya laptopu hiyo ndimo ilimokuwa orodha ya wakulima wa salfa wa vijiji viwili, na mwisho wa kuituma wilayani ulikuwa Ijumaa. Barabara ilikuwa imekatika kwa mvua. Nikataka kutumia intaneti ya simu kwa waya, kumbe waya wangu ni wa kuchajia tu.

Mama mmoja akanisimamisha njiani.

“Bwana shamba, majina yetu yamekwenda?”

“Shikamoo mama. Bado, mtandao unasumbua.”

Mtandao haukuwa na kosa lolote. Nilisema hivyo kwa aibu.

Alhamisi usiku nikatulia. Niliyojifunza ni haya:

1. Rudi kwanza kwenye kerneli ya zamani. Ubuntu huwa haiifuti mara moja. Washa kompyuta huku ukibonyeza Shift au Esc, chagua “Advanced options”, kisha namba ya zamani. Nilipochagua 5.4, Wi-Fi ikarudi, kwa sababu draiva niliyoikompaili kwa kerneli hiyo ilikuwa bado ipo. Orodha ikaondoka usiku uleule.

2. Soma kosa la kwanza, achana na la mwisho. Mengi ya chini huzaliwa na la juu. Langu lilitaja proc_create_data: kitu cha nne ilichopewa si cha aina inayotakiwa.

3. Tafuta kilichobadilika. Kuanzia kerneli 5.6, iliyotoka Machi 2020, sehemu hiyo haipokei tena file_operations, inataka proc_ops. Ni kama AMCOS ibadilishe fomu ya mapokezi. Korosho zako ni zilezile, ila karani hapokei tena fomu ya zamani.

4. Rekebisha bila kuharibu ya zamani. Jumamosi niliandika fomu mpya: .open ikawa .proc_open, .read ikawa .proc_read, .llseek ikawa .proc_lseek, na .owner ikaondoka. Juu yake nikaweka sharti: kerneli ikiwa 5.6 au zaidi, tumia mpya. Ikiwa chini, tumia ya zamani. Ikakompaili.

Kwa nini hawakutuambia? Linux hujitahidi isivunje programu za mtumiaji, lakini haiahidi kwamba mambo ya ndani ya kerneli yatabaki vilevile. Draiva zilizomo ndani hurekebishwa na yule anayebadilisha. Ya nje, kama yangu, hujitafutia yenyewe. Hata DKMS, inayokompaili upya kila kerneli inapobadilika, haiwezi kurekebisha msimbo uliopitwa.

Kwa hiyo, ukinunua kifaa, uliza kwanza kama draiva yake imo ndani ya Linux. Usisasishe kompyuta wiki ya kutuma hesabu au majina. Na weka waya wa simu unaopitisha data.

Jumatatu nilimfuata yule mama nikamweleza ukweli: kosa lilikuwa langu, si la mtandao. Akacheka, akasema, “Mwanangu, salfa ikija niite mapema.” Nikamwita.